Maharagwe Yaliyoepuliwa Ijumaa

Wakwe wa dada yangu walitapika katika shamba letu la pareto mchana wa Sabato, jeneza lake likiwa ndani ya nyumba na sisi wenye msiba tukiwa bado kanisani. Kilichowatapisha ni maharagwe ya marehemu mwenyewe. Miezi michache kabla ya hapo, maharagwe hayohayo, yakiwa yamesagwa na kuchujwa, yalikuwa yamefanya mezani pangu mjini Kisii kazi ambayo maharagwe mengine yote tuliyoyajaribu yalishindwa. Yalivishika vijidudu vyekundu vinavyoishi ndani ya chumvi na kuvikusanya mpaka vikaonekana kwa macho.

Nimejaribu mara nyingi kusimulia moja ya habari hizo bila nyingine. Haiwezekani, kwa hiyo nitaanza na kazi.

Mwanzoni mwa miaka hii ya sabini nilikuwa msaidizi katika kituo kidogo cha ngozi, nyuma ya kichinjio. Ngozi za ng'ombe zilifika mbichi, tukazitandaza sakafuni, tukazimwagia chumvi ya mabonge kutoka pwani na kuzipanga moja juu ya nyingine. Zikikaa siku za joto, baadhi zilitoka madoa mekundu upande wa nyama, na wanunuzi wakazikataa. Wachinjaji walisema ni damu. Mimi sikuamini, kwa sababu damu hukauka na kuwa nyeusi, na haiongezeki. Madoa haya yaliongezeka.

Akaja mtafiti kutoka chuo kikuu, mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye koti jeupe lililomfika juu ya magoti. Sote tulimwita Daktari, na wachinjaji wakawa wanamletea watoto wenye kikohozi hata akachoka kueleza kwamba yeye ni daktari wa vitu visivyokohoa. Yeye na mimi tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa hakujua Ekegusii nami sikujua lugha yake. Alikwangua doa moja kwa kisu, akaliweka katika chupa ya maji yenye chumvi nyingi kiasi kwamba mabonge mengine yalibaki chini bila kuyeyuka, akaiweka dirishani. Baada ya muda maji yalikuwa mekundu kama maji yaliyoosha nyama.

"Ni hai," aliniambia. "Kila kitu kingine chumvi hukiua. Hivi bila chumvi ndipo vinakufa."

Akanionyesha. Alitia tone la maji mekundu kwenye kioo, akaongeza maji ya mvua. Nilitazama kwenye hadubini: vijiti vidogo vilivimba, vikapasuka, vikatoweka, na wekundu ukabaki umetawanyika kama wino. Nilisikitika bila sababu, kama mtu aliyekanyaga kifaranga.

Alichotaka kujua ni kama wekundu wote ulikuwa wa aina moja ya kijidudu au aina kadhaa. Kwa macho vilifanana. Lakini kila kijidudu, alisema, kina koti, na katika koti hilo kuna sukari zimepachikwa kama vifungo. Sukari hizo si za chai; ni za namna nyingi, na zinazovaliwa na huyu sizo anazovaa yule. Ukipata kitu kinachoshika kifungo cha namna moja tu, unaweza kuwatenganisha. Vitu hivyo vimo katika mbegu. Mbegu za maharagwe hasa zina protini inayoshika sukari, na kwa kuwa kila chembe yake ina mikono zaidi ya mmoja, hushika kijidudu huku na kingine kule, na vyote hugandamana.

Alikuwa na protini za namna hiyo kutoka ng'ambo, katika vichupa vidogo kama vya dawa ya macho. Hazikufaa. Katika maji ya kawaida vijidudu vyetu vilipasuka, na katika maji ya chumvi kali protini zenyewe ziliganda, kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu, kabla hazijamshika yeyote. Alihitaji mbegu ambayo protini yake haiogopi chumvi. Siku moja, kwa kukata tamaa, akaniambia: "Nyinyi huku mnapanda maharagwe hata kwenye nyufa za ukuta. Niletee ya mama yako, ya shangazi yako, ya kila mtu."

Nilileta ya soko la Kisii, ya Keumbu, ya Ekerenyo. Tuliyasaga, tukayaloweka, tukayachuja kwa kitambaa cha pamba, tukaweka tone la maji yake kando ya tone jekundu. Hakuna kilichotokea. Ndipo nikakumbuka maharagwe ya dada.

Mama yetu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mgongo ulionibeba baada ya hapo ni wa dada. Aliolewa ng'ambo ya Masimba, akakaa huko miaka bila kupata mtoto, kisha akarudi kwetu, karibu na Ekerenyo, na sanduku lake kichwani. Hakueleza mengi. Baba yetu mdogo, ambaye tulimwita tata moke na ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji wetu, yaani boma lote la ukoo, alimpa mahali pa kujenga pembeni mwa migomba. Nyuma ya nyumba hiyo alisimamisha miti na kupandisha maharagwe aliyoachiwa na mama: makubwa, ya zambarau, yenye madoa meupe kama manyoya ya kanga. Alikuwa ameyapeleka hata Masimba alipoolewa, akayapanda kwenye ua wa watu wale.

Majirani hawakuyataka. Yalikula kuni mno. Dada aliyachemsha kwa moto mkali, akamwaga maji ya kwanza, akayachemsha tena mpaka jioni. Alifanya hivyo kwa sababu mama alifanya hivyo.

"Unataka kuyapika?" aliniuliza nilipomwomba.

"Nataka kuvipa vijidudu."

"Vijidudu!" Akawageukia kuku wake kana kwamba anawaomba wawe mashahidi. "Nimemlipia huyu mtoto karo kwa pareto, nimeinama mpaka kiuno kimeota kutu, sasa analisha wadudu."

Lakini alinijazia kibuyu kidogo, akakifunga kwa jani la mgomba.

Nakumbuka asubuhi ile vizuri. Daktari alikuwa anakunywa chai, ameketi juu ya gunia la chumvi. Niliweka tone la maji ya maharagwe kando ya tone jekundu, nikayachanganya kwa ncha ya kijiti, nikainamisha kioo huku na huku dirishani. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha wekundu ukaanza kuwa na chenga, kama uji unaoshikana, na kati ya chenga maji yakawa meupe. Nilimsogezea kioo. Aliweka kikombe chini, akatazama kwa macho, akatazama kwa hadubini, akatazama tena kwa macho.

"Haya ya nani?"

"Ya dada yangu."

Akaenda kabatini, akaleta mojawapo ya sukari zake za maabara, akaitia katika maji ya maharagwe kabla ya kuyakutanisha na vijidudu. Safari hii hapakuwa na chenga. Mikono ya protini ilikuwa tayari imejaa sukari aliyoipa, haikuwa na nafasi ya kushika koti la mtu. Hilo ndilo lililomfurahisha zaidi. Lilionyesha kwamba si chumvi iliyogandisha, ni kushikana kwa kweli. Kisha tukajaribu wekundu wa chupa ya pili, uliotoka kwenye rundo jingine la ngozi. Maharagwe ya dada hayakuushika hata kidogo. Palikuwa na vijidudu vya makoti mawili tofauti.

"Tukirudia na mavuno mapya yakatoa hivihivi, tutaandika," Daktari alisema. "Mwambie dada yako apande mengi, asiyachanganye na mengine."

Kwenye chupa ya maji yale hakuandika jina la mmea. Aliandika DADA.

Dada alikuja mjini kujionea. Alivaa gauni la kanisani na viatu alivyokuwa amevibeba mkononi mpaka mlangoni. Daktari alimpigia magoti kidogo kwa utani, akamwita mama wa utafiti. Dada aliinama juu ya hadubini kwa muda mrefu, jicho moja kalifumba kwa kiganja.

"Kwa hiyo maharagwe yangu yana mikono?"

"Yana mikono, mama."

"Na wale wekundu ndio wanaoshikwa." Alitazama tena. "Wameng'ang'aniana kama wanawake wa Ekerenyo sokoni wakigombea kitenge."

Daktari alicheka hata akamwaga chumvi. Dada akamwuliza kama maharagwe hayo yanashika vitu vyekundu tu. Daktari akamjibu kwamba yanashika sukari yake popote yanapoikuta: kwenye kijidudu, kwenye damu, hata kwenye ukuta wa utumbo wa mtu. Ndiyo maana maharagwe mabichi huumiza tumbo. Moto mkali ndio unaovunja ile mikono. "Sasa nimejua kwa nini nilikuwa namaliza kuni," dada akasema.

Nilimsindikiza kwenda kupanda basi. Njia ilipita mbele ya maseremala, majeneza yakiwa yamesimamishwa wima kando ya barabara pamoja na milango na vitanda. Dada alipunguza mwendo.

"Mtoto wa mama," alisema, "siku yangu ikifika, mnizike nyuma ya nyumba yangu, pale maharagwe yanapopanda. Masimba msinipeleke."

Nikamwambia aache maneno hayo.

"Sijasema nakufa. Nimesema Masimba msinipeleke."

Wasiotoka kwetu watashangaa kwa nini hilo lilikuwa jambo la kuombwa. Mwanamke aliyetolewa ng'ombe ni wa mji uliomtolea, hai au maiti, mpaka ng'ombe hao warudishwe. Ng'ombe wa dada hawakuwapo zizini. Kwa desturi ya Wagusii, ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka mke, na wake walikuwa wamekwenda kwa wazazi wa mke wangu. Nyumba yangu, watoto wangu, vilisimama juu ya ndoa yake iliyokwisha. Baada ya siku ile nilizungumza na tata moke, akakubali kwamba tutakusanya ng'ombe, pole pole, kutokana na majani chai na pareto, tuwarudishe watu wa Masimba, dada awe wetu kabisa. Tulikuwa tumeanza kuwapata.

Mvua za masika zilikuwa nyingi mwaka ule. Dada alipanda maharagwe yake, yakapanda miti, yakavunwa. Aliyakausha, akayachanganya na majivu yasiliwe na wadudu, akayatia katika chungu na kukiweka darini juu ya meko. Yalikuwa mbegu yangu. Nilikuwa niende kuyachukua. Kabla sijaenda alipatwa na homa ya mapafu, akaletwa hospitali mjini, na mimi nilikuwa kando ya kitanda alipoacha kupumua. Neno la mwisho aliloniambia kwa ufahamu lilihusu kuku.

Watu wa Masimba walipata habari mara moja. Walituma mtu: asizikwe mpaka wafike. Tata moke alijibu kwamba watakaribishwa na mambo yatazungumzwa. Alikuwa na matumaini. Alikuwa amepanga kuwaonyesha ng'ombe tuliokwisha kupata na kuomba muda kwa wale waliosalia, na alikuwa mtu anayejua kuomba.

Siku zikaenda tukiwangoja. Waombolezaji walikuja kutoka kila upande, na waombolezaji hula. Mahindi yakaisha, ndizi zikaisha, majirani wakaleta walichokuwa nacho, hicho pia kikaisha. Ijumaa mimi na tata moke tulikwenda Kisii kuchukua jeneza na mwili. Yaliyofanyika nyumbani siku hiyo sikuyaona. Niliyakusanya baadaye, nikiuliza mmoja mmoja.

Sisi ni Waadventista. Jua likitua Ijumaa moto wa kupikia haukokwi tena mpaka Sabato iishe. Kwa hiyo kila Ijumaa alasiri chakula cha kesho hupikwa kwa haraka, huepuliwa, na vyungu hufukiwa katika majivu ya moto na kufunikwa majani ya migomba ili kibaki vuguvugu. Alasiri ile mama mmoja jirani, rafiki wa dada, ndiye aliyesimamia jiko. Alitafuta cha kupika akakosa. Mtu akataja chungu cha darini. Hakuna aliyeona ubaya: nyumba ni ya marehemu, chakula ni chake, wageni ni wake. Waliyaosha majivu, wakayabandika. Baada ya saa chache tu jua likawa linatua, wakayaepua na kuyafukia.

"Yalikuwa yameiva?" nilimwuliza mama yule baadaye.

"Yalikuwa yanaanza kulainika. Nikasema majivu yatamaliza. Majivu si humaliza kila kitu?"

"Ulimwaga maji ya kwanza?"

Alinitazama. "Maji ya kwanza? Kwa maharagwe? Mwanangu, nimepika maharagwe tangu kabla hujazaliwa."

Majivu yalimaliza kuyalainisha. Hayakuwa na ukali wa kuyavunja mikono. Siku hizi najua kwamba moto wa vuguvugu, wa muda mrefu, ni mbaya kwa maharagwe ya namna hiyo kuliko kutoyapasha moto kabisa.

Sabato asubuhi tulikwenda kanisani, maana mazishi hayawi siku hiyo na wakwe tuliwatazamia Jumapili. Wakaja siku hiyohiyo. Wao ni Wakatoliki, Jumamosi kwao ni siku ya kutembea. Walifika kwa pikapu, wanaume peke yao, wakiongozwa na kaka mkubwa wa yule mume. Mama jirani alikuwa amebaki kulinda nyumba. Aliwakaribisha, akafukua chungu, akawaandalia maharagwe kwa obokima, ugali wetu, uliokwisha kupoa. Yeye hakula, kwa kuwa mwenyeji hali kabla ya mgeni, nasi tulikuwa hatujarudi. Walikula wakashiba. Walisifu mchuzi.

Tulipotoka kanisani tuliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa wametawanyika katika pareto, wengine wameinama, wengine wamepiga magoti, na yule kaka mkubwa ameshika mti wa ua kwa mikono yote miwili. Mama jirani alisimama mlangoni na upawa mkononi, amekauka. Tata moke alimkimbilia yule kaka mkubwa, mzee mwenzake, mbio zisizo za umri wake.

"Mkwe, ni nini? Mmekula nini?"

Yule mzee alijipangusa mdomo kwa mkono wa koti. "Unaniuliza wewe? Ni nani katika mji wako amekula chakula hiki?"

Hakuna aliyekuwa amekula.

"Hata mmoja?" mzee akauliza. "Hata mtoto?"

Mimi nikasogea mbele, nikasema ni maharagwe, yana kitu ndani yake kinachoshika tumbo yasipochemka sana, si sumu ya mtu, nimeyafanyia kazi mjini. Nilikusudia kusaidia. Nilisikia maneno yangu yakibadilika mle masikioni mwao.

"Umeyafanyia kazi," mzee alisema polepole. "Mjini. Kazi gani?"

"Kwenye chupa," akasema kijana mmoja wa kwao, akiwa bado ameshika tumbo. "Nilisikia. Anasaga maharagwe ya huyu mwanamke anayatia kwenye chupa."

"Na sasa huyu mwanamke yuko kwenye sanduku," mzee akamaliza.

Hakuna aliyepaza sauti baada ya hapo. Hakuna aliyetaja ng'ombe. Maneno yote ambayo tata moke alikuwa ameyapanga kwa Jumapili yalikuwa hayana pa kuwekwa. Huwezi kumwomba muda mtu anayetapika uwanjani pako. Walipoweza kusimama waliingia, wakabeba jeneza, wakalipandisha kwenye pikapu. Nilishika ubao wa nyuma. Tata moke aliniondoa mkono, kidole baada ya kidole, bila ukali.

"Tutapigana na nani?" aliniuliza. "Na kwa mdomo upi?"

Walipona wote. Nasema hivyo kwa sababu haikusemwa sana. Walimzika dada Masimba Jumapili, na walituma neno kwamba wa kwetu asikanyage. Hatukukanyaga.

Jumatatu Daktari alikuja kutoa pole, akipita matopeni na viatu vyake vya mjini. Nilimweleza yote. Alishika kichwa. Kisha akasema jambo ambalo lilinisimamisha: alikuwa tayari kwenda Masimba na hadubini yake na chupa yake, awaonyeshe wazee wale, awaache wayapike wenyewe, haya yaliyochemka kidogo na haya yaliyochemka sana, awape kuku wayale, wazee waone. Wakikubali kwamba ni maharagwe, basi jina la mji wetu litatoka matopeni, na tata moke atapata mdomo wa kurudi na ng'ombe wake kumwombea dada arudi nyumbani. Mwili kuhamishwa si jambo dogo kwetu, lakini limewahi kufanyika.

"Nipe tu ujazo wa kiganja," alisema. "Yale ya kwenye chupa niliyamaliza kwa majaribio, na ni maji, hayapikwi."

Nilikwenda kwa tata moke. Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba ya dada, mbele ya duara jeusi ardhini. Chungu kilikuwa kimevunjwa. Miti ya kupandishia ilikuwa imeng'olewa na kutiwa motoni pamoja na mabua na maganda.

"Yote?" nilimwuliza.

"Yote. Mpaka ya kwenye nyufa."

"Tata, hayo ndiyo yangetusafisha."

"Mwanangu." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Tangu jana hakuna jirani aliyepita njia ya hapa. Wangeyaona yamesimama wangesema tunapanda sumu tena, waje kulipiza. Kesho tungezika mtoto wa nani?"

Nilichokora majivu kwa kijiti. Nilipata punje chache zilizoungua mpaka zikawa mkaa. Daktari alizichukua hata hivyo, akazisaga, akajaribu. Hazikushika kitu.

Tuliulizia Nyamira yote, soko kwa soko. Tuliletewa ya zambarau, tuliletewa ya madoa, wanawake walituletea kwa ukarimu mkubwa wasijue tunatafuta nini. Hakuna yaliyofanya kazi katika chumvi. Msimu ukaisha, Daktari akaitwa arudi Nairobi kwa kazi nyingine. Kuhusu yale makoti mawili hakuandika, kwa kuwa hakuweza kurudia. Aliniachia chupa moja ya wekundu, ile iliyoshikwa. Maji yake yalikauka miaka kadhaa iliyopita, imebaki chumvi ya waridi iliyong'ang'ania kioo. Aliniambia vijidudu hivyo huweza kulala ndani ya chembe ya chumvi kwa muda usiojulikana, na nikivirudishia maji yao ya chumvi vitaamka. Sijaijaribu. Ninayo moja tu.

Tata moke alifariki mwaka juzi. Ng'ombe alizidi kuwakusanya mpaka wakatimia, na bado wako zizini, wamezaa. Hakuna aliyekubali kuwapokea.

Mwaka huu, mwezi uliopita, nilikuwa Keumbu siku ya soko. Mama mmoja anayeuza ndizi, aliyeolewa karibu na mji ule wa Masimba, alikuwa akizungumza na mwenzake kuhusu ua wa jirani yake, kwamba umefunikwa na mmea wa maharagwe hata huoni nyumba. Niliweka chini nilichokuwa nimebeba. Nikamwuliza ni ya rangi gani.

"Zambarau."

"Yana madoa?"

"Baba, mimi nilitazama majani. Nadhani yana madoa. Maharagwe gani hayana madoa?"

Nilimwomba aniletee ganda moja, moja tu, siku ya soko inayofuata. Nikamwambia ni kwa ajili ya nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa huruma, kisha akazifunika ndizi zake kwa gunia.

"Nichume kitu kwenye ua wa watu wale, nikuletee wewe? Wewe uliyetajwa kwa sumu? Unataka mimi niitwe nani?"

Nilimwuliza basi kama aliwahi kuwaona wakiyavuna. Alisema maganda hukauka palepale uani, na asubuhi nyingine huonekana yamepungua. Hakujua ni ndege au ni watu. Wala hakujua, kama ni watu, wanayachemsha kwa muda gani.